Kwenye picha ya leseni, mimi nasimama na Kigoma

Watu wa Kigoma tulioko Uingereza tukikutana, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye ofisi za nyumbani: foleni, njoo kesho, lete hiki, hiki hakitoshi. Kisha mmoja atasema huku leseni ya udereva unaihuisha umelala kitandani, simu mkononi. Ni kweli. Ila kwenye suala la picha mimi nasimama upande wa Kigoma, na sababu ninazo.

DVLA, idara ya leseni ya huku yenye makao yake Swansea, inataka picha mpya kila baada ya miaka 10. Uso wote uonekane, macho yawe wazi, mdomo ufungwe, hakuna kutabasamu, nywele zisishuke machoni, nyuma yako pawe na rangi moja hafifu isiyo na kivuli. Miwani ya jua hapana. Kofia hapana, isipokuwa ile ya dini au ya sababu za kiafya. Yote haya yameandikwa, mtu anayasoma kabla hajatoka nyumbani, na kwa hilo nawapa heshima yao. Mama zetu wa Ujiji wanaojifunga ushungi wangefarijika kukuta maelezo kama hayo yamebandikwa mlangoni: ushungi unabaki, uso uonekane kuanzia kidevuni hadi kwenye paji. Lisiwe jambo la kujadiliana na afisa mbele ya foleni.

Tatizo linaanza pale msimamizi wa kanuni anapokuwa mashine. Niliwahi kuingia kwenye kibanda cha picha ndani ya duka moja kubwa. Nikazungusha kile kiti hadi macho yakalingana na mstari, nikafunga mdomo, nikatulia. Kioo kikaniambia mdomo uko wazi. Midomo yangu ni minene, ya kwetu, na ilikuwa imefungwa kabisa. Nikarudia, safari hii kikasema mwanga hautoshi. Mle ndani mwanga ulikuwa unaniumiza macho. Mama wa Kizungu aliyekuwa nyuma yangu aliingia, akapigwa picha, akatoka nazo, na mimi nimesimama pembeni na risiti.

Wala si mimi peke yangu. Mwaka 2020 BBC ilichunguza ukaguzi wa picha za pasipoti za Uingereza zinazotumwa kwa mtandao, ikakuta kwamba wanawake wenye ngozi nyeusi wanaambiwa picha zao hazifai zaidi ya mara mbili ya wanaume weupe. Ile ni pasipoti, si leseni, lakini huku vitu hivyo viwili vimefungamana: mwenye pasipoti ya Uingereza akihuisha leseni, DVLA inaweza kuchukua picha ile ile ya pasipoti bila kumsumbua tena. Kwa hiyo usumbufu wa pale unaweza kukufuata hadi kwenye leseni.

Sasa njoo nyumbani. Tangu leseni hizi za kadi zianze mwaka 2010, huendi na pasipoti saizi zako kutoka studio ya pale Mwanga, Kigoma mjini. Unakaa mbele ya kamera ofisini TRA, mamlaka ya mapato, afisa anakupiga picha, unaweka vidole, unasaini, imekwisha. Afisa huyo ni mtu. Anakwambia, "Mzee wangu, shikamoo, naomba uvue kofia kidogo. Inua kidevu. Hapo hapo." Jasho likikung'aa usoni anakupa nafasi ujifute. Amekulia kati ya watu weusi kama wewe, anajua weusi wa ngozi si giza la picha. Tena picha anayoipiga ni ya mtu aliyekaa pale, si ya mtu aliyetumiwa na ndugu yake. Hii ni huduma nzuri kuliko kibanda chochote nilichokiona huku, na ningesikitika sana siku mtu mmoja Dodoma akiamua kuiondoa eti twende na wakati.

Ninachokilalamikia kwetu ni umbali wa ile kamera na mara ngapi tunaitwa mbele yake.

Baba yangu mdogo anaendesha Fuso, anabeba mahindi kutoka Kibondo. Leseni ikikaribia kuisha lazima apange safari upya, tajiri aelewe, gari lisimame, naye afike mwenyewe ofisini akae mbele ya kamera. Yeye ana nafuu, yuko barabarani muda wote. Mtu wa Kalya au Buhingu, kule kusini mwa mkoa kando ya Ziwa Tanganyika, anapanda boti, analala mjini, anakula mjini, halafu ndiyo anafika dirishani. Ukijumlisha nauli na gesti, ada yenyewe inakuwa sehemu ndogo ya gharama.

Na ada nayo tuiseme. Mwaka 2019 muda wa leseni uliongezwa kutoka miaka 3 hadi miaka 5, ada ikatoka shilingi 40,000 hadi 70,000. Gawa mwenyewe: kwa mwaka ni karibu pale pale, imepanda kidogo. Tulichopata ni kupunguziwa safari, na baba mdogo alishukuru kwa hilo. Lakini huku kuhuisha kadi kwa mtandao ni pauni 14 kwa miaka 10. Pauni 14 hazifiki hata shilingi 70,000. Yaani dereva wa London analipia miaka 10 kwa fedha ndogo kuliko anayolipa dereva wa Kasulu kwa miaka 5. Hilo linaniuma kila nikilifikiria, kwa sababu najua mfuko wa yupi ni mzito.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wamelifikiria vizuri. Huku kinachozeeka baada ya miaka 10 ni kadi na picha. Ruhusa ya kuendesha gari la kawaida inadumu mpaka ufikishe miaka 70. Hata trafiki akikusimamisha huna kadi mfukoni, anaweza kukupa siku 7 uipeleke kituoni. Kwetu muda ukiisha umeisha wote kwa pamoja, na dereva aliyeendesha Malagarasi hadi Nyakanazi miaka 20 anasimama mbele ya trafiki kama mtu asiyejua gia. (Wala wasidhani huku ni mteremko: leseni yetu ya Tanzania inakubalika miezi 12 tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani upya, hata kama ulikuwa dereva wa basi.)

NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, walishatupiga picha na kuchukua vidole vyetu, na walivifuata vijijini. Nilikuwa Ujiji likizo, nikaona bibi zetu wamekaa kwenye madawati ya shule wakisubiri zamu, hakuna aliyeambiwa apande gari kwenda mjini. Sura ile ipo. Dereva ambaye kadi yake imeisha na sura yake haijabadilika, kwa nini leseni isitolewe kwa picha ile, alipe kwa simu, aje kuchukua kadi tu? Na anayehitaji picha mpya, kamera ile na afisa wake wapandishwe kwenye boti mara moja au mbili kwa mwaka, washuke Buhingu, washuke Kalya, watangaze wiki moja kabla kwenye redio na misikitini na makanisani.

Ada za leseni hupangwa kwenye bajeti, na bajeti husomwa Juni. Wabunge wetu wa mkoa wa Kigoma wana muda wa kulibeba hili kabla ya hapo, na madereva mlioko huko ndio wa kuwafuata, kwa sababu kura mnazo ninyi.