Kufuatilia chuki magazetini ni lazima, ila rungu lisikae serikalini

Watu wakisikia habari ya kufuatilia lugha ya chuki magazetini, wengi wanaikataa hapohapo, wanasema huo ni mlango wa kuziba watu midomo. Nawaelewa, ila mimi kila nikiifikiria hii ishu akili inaenda Rwanda, kwa lile gazeti la Kangura.

Kangura ilianza Mei 1990. Desemba mwaka huohuo, toleo namba 6, ikachapa zile "amri kumi za Wahutu", mojawapo inasema Mhutu akioa mwanamke wa Kitutsi ni msaliti, nyingine inawaambia Wahutu waache kuwaonea Watutsi huruma. Novemba 1991, toleo namba 26, ukurasa wa mbele una picha ya panga na swali, tutumie silaha gani kuwamaliza Inyenzi, yaani mende, jina walilowabandika Watutsi. Mapema 1993 wakaandika mende hawezi kuzaa kipepeo. Hakukuwa na siri hapo, gazeti liko mtaani linauzwa, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza Aprili 1994, kwa hiyo kulikuwa na zaidi ya miaka 3 ambayo mtu mwenye kalamu na daftari angeona kabisa jinsi moto unavyopanda toleo kwa toleo.

Mahakama ilikuja baada ya maiti. Kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda pale Arusha, Desemba 2003, mhariri wa Kangura Hassan Ngeze alipewa kifungo cha maisha, rufaa ya Novemba 2007 ikakishusha hadi miaka 35. Na mahakama ile ilikuwa na mamlaka juu ya makosa ya mwaka 1994 tu, kwa hiyo majaji wa rufaa wakasema matoleo ya nyuma hayawezi kumtia hatiani, hata lile la panga! Ndo maana siwezi kukubali kwamba tusubiri sheria ifanye kazi yake.

Sasa wanaopinga nao wana ushahidi, na unatoka nchi hiyohiyo. Mwaka 2008 Rwanda ilitunga sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, na ukiangalia historia yao huwezi kuwashangaa. Lakini Februari 2011 mhariri wa gazeti la Umurabyo, Agnès Uwimana Nkusi, akafungwa miaka 17 kwa makala za kuikosoa serikali, na kosa hilo la itikadi likiwemo. Aprili 2012 Mahakama ya Juu ikalifuta, kifungo kikabaki miaka 4. Mhariri mwingine akiona hivyo ataandika nini kuhusu kabila lake linavyotendewa, hata kama malalamiko ni ya kweli? Atanyamaza tu.

Uturuki nako, Hrant Dink, mhariri Muarmenia wa gazeti la Agos, alitiwa hatiani 2005 kwa kosa la kuwadhalilisha Waturuki, akapigwa risasi nje ya ofisi yake Istanbul Januari 2007. Taasisi yenye jina lake ndiyo ninayoiona ina njia nzuri: mwaka 2009 ilianza kusoma magazeti na kutoa ripoti, gazeti gani, kichwa gani cha habari, nani kalengwa, Waarmenia, Wayahudi, Wakristo, wakimbizi wa Syria, na hakuna anayefungwa. Ni kweli mhariri anayejivunia chuki hashtuki na ripoti, ila msomaji anashtuka, mwenye tangazo anashtuka, na siku gazeti likiita watu wauane waziwazi, hapo ni mahakamani na ushahidi umeshapangwa.

Kazi yenyewe si ya kuiachia programu ihesabu maneno, maana itakamata hata gazeti lililomnukuu mwanasiasa ili kumkemea. Inataka watu wanaoijua lugha vizuri na vijembe vyake, Kangura sehemu kubwa ilikuwa Kinyarwanda na mgeni wa Kigali asingeelewa kitu. Kwetu Tanzania, Baraza la Habari lipo tangu miaka ya 90, linasuluhisha malalamiko na halina gereza, likiongezewa wasomaji wa aina hiyo na ripoti zikatoka hadharani kila mwaka wa uchaguzi, mimi naunga mkono mia kwa mia.