Nimelipa, Halafu Naambiwa Niteme

Mimi hela yangu ikitoka mfukoni nataka nijue imekwenda wapi. Sasa hebu niambieni, ndugu zangu: umelipa ufundishwe kuonja mvinyo, umekaa kitini, umemiminiwa wa kulowesha ulimi tu, umeusukutua, unataka kumeza, kijana mwenye aproni anakusogezea ndoo. "Mzee wangu, tema." Niteme? Dodoma hii, hata maji ya bomba hatutemi!

Ati mvinyo una kilevi asilimia 12, 13, mwingine hata 14, na ukimeza kila unachopewa, chupa za mwisho utazisifia zote. Sikatai, sababu ina akili. Ila mbona kwenye bei hawakutoa kile kinachobaki ndooni?

Haya yote kayaleta shemeji yangu. Tangu ofisi yao ihamie huku kutoka Dar, kawa mtu wa mvinyo. "Shemeji, unaishi katikati ya zabibu na hata kuonja hujui!" Nikaburutwa.

Basi ukifika, hunywi. Unatazama. Unainamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi ya ukingoni. Mwekundu ukizeeka hupauka ukaelekea rangi ya tofali. Mweupe ukizeeka hukolea ukawa dhahabu. Haya, tumeona, tunywe? Bado. Unazungusha glasi ili harufu ipande, na uishike mguuni, usiishike tumboni, maana kiganja kinaupasha mvinyo joto. Mama wa pembeni yangu akazungusha kwa bidii zote, shati langu jeupe likaonja kabla yangu. Kijana wala hana habari, anatuonyesha michirizi inayoshuka ndani ya glasi: inaitwa machozi, na watu hudhani ni dalili ya ubora, kumbe ni kilevi tu. Nikatazama shati. Langu mimi chozi halikuwa la kilevi.

Kisha kunusa. "Mnasikia harufu gani?" Nikajibu ukweli: namsikia shemeji. Alikuwa kajipulizia manukato mpaka kwenye soksi. Kumbe hairuhusiwi, pua za watu wote zinaharibika! Akahamishiwa dirishani. Hapo nilianza kuona faida ya hela yangu.

Wenzangu wakaanza: mimi nasikia cheri, mimi plamu, mimi vanila. Ya vanila nilielewa, inatokana na mapipa ya mwaloni. Lakini cheri? Cheri mimi nimeiona juu ya keki, moja tu, na akalishwa bibi harusi. Zamu yangu ilipofika nikasema nasikia zambarau, zile zilizoiva zikadondoka zenyewe mchangani, na kwa mbali ukwaju. Watu wakacheka. Kijana akasema, "Sahihi kabisa, mzee wangu." Sahihi! Sasa tulikuwa tunahangaika na cheri za nini? Zabibu ni Makutupora, hapo tu nje ya mji, tena Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja, halafu harufu ndiyo tukaazime kwao?

Mwekundu ukaninyausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikalalamika. Kijana akasema ni tanini, hata kwenye majani ya chai zimo. Kwenye mvinyo zinatoka kwenye maganda na mbegu. Mweupe juisi yake huchacha bila maganda, ndiyo maana haukukamati hivyo. Maelezo hayo yalinikuna, nikameza. Makusudi. Ndoo ikapita, nikaitazama tu.

Tatizo sasa ni shemeji, hashikiki. Juzi harusini kapewa glasi, akaiinamisha juu ya kitambaa cheupe cha meza, akazungusha, akatumbukiza pua, akafumba macho. Meza nzima kimya. "Huu," akasema, "bado mchanga, lakini una makali ya Makutupora."

Binti wa kuhudumia akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Hiyo ni juisi ya rozela. Mvinyo ni kwa meza ya wazazi tu."