Saba ya Nani?

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, husema wanaoamini kuwa maumivu ya mtu hayapimiki. Msemo huo huwakera wapenda vipimo, na wana sababu. Daktari anauliza: kuanzia 0 hadi 10, inauma kiasi gani? Mgonjwa anasita, anatazama dari, anajibu: 7. Imetoka wapi saba hiyo? Huyu ametia chumvi apewe dawa; yule amepunguza asionekane mwoga. Ndiyo maana wengi wanatamani mashine iamue.

Mwaka 2013 mtafiti wa ubongo Tor Wager na wenzake walionyesha, kwa watu 114, kwamba picha za ubongo zinaweza kutofautisha joto linalouma na lile lisilouma. Ni kazi nzuri. Lakini tazama mashine ilivyofundwa. Watu walilazwa ndani yake, wakaguswa mkononi kwa kifaa cha moto, kisha wakaulizwa: umesikiaje? Majibu yao ndiyo yaliyoijulisha programu ni picha zipi ziitwe maumivu. Kinachosomwa pale ni mabadiliko ya damu na oksijeni tu, na damu haina neno "uchungu". Ondoa kauli za wale watu, ubaki na ramani isiyo na majina. Basi siku mashine na mgonjwa wakipingana tukamwita mgonjwa mwongo, tutakuwa tumemwamini mwanafunzi dhidi ya mwalimu wake.

Wapenda vipimo wananibana mahali pamoja, nakiri: watoto wachanga. Hadi miaka ya 1980 wengi walipasuliwa bila dawa ya kutosha ya maumivu, ikidhaniwa hawahisi kama wakubwa. Aliyewasemea ni maabara. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walilinganisha watoto njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, wakati wa upasuaji na wasiopewa; wasiopewa, homoni zao za msongo zilipanda zaidi.

Hapo kipimo kilishinda. Ila kilishinda nini? Mtoto akichomwa sindano alilia na kukunja mguu, na kilio hicho kikaandikwa kuwa mshtuko wa neva tu. Ushahidi wake ulikuwepo, ila haukuhesabiwa. Hata homoni zile zisingetuambia kitu kama watu wazima wenye homoni hizohizo wasingekuwa wameshasema wanaumia.

Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu, IASP, kiliporekebisha tafsiri yake ya maumivu, kiliandika, pamoja na mengine, mambo mawili: mtu akisema anaumia kauli yake iheshimiwe, na asiyeweza kusema asihesabiwe kuwa haumii. Hakuna mashine iliyotajwa.