Ujinga wa Wahusika katika Filamu za Kutisha Ni Kosa la Nani?

Katika vibanda umiza vya Ngamiani, Tanga, filamu ya kutisha haitazamwi kimya. Msichana anaposhuka kwenye chumba cha chini ya ardhi akiwa na tochi inayofifia, watazamaji humkataza kwa sauti, na akishaingia hulaumiwa kana kwamba ameyataka mwenyewe. Lawama hiyo ina uzito wake, lakini mara nyingi humwangukia asiyestahili. Mtazamaji anajua kwamba hii ni filamu ya kutisha, tena amesikia muziki ukibadilika. Mhusika hajui hilo wala hasikii lile, na kwake yeye kishindo cha usiku ni paka au upepo, kama kilivyokuwa siku zote za maisha yake.

Udadisi nao si jambo la filamu peke yake. Mapango ya Amboni, yaliyo kilomita chache tu kutoka mjini, yana masimulizi ya watu walioingia wasionekane tena, na bado wageni hulipa kiingilio wakaingia gizani palipojaa popo, wala hakuna anayewaita wajinga. (Ni kweli kwamba wao huongozwa na mwenyeji, ilhali vijana wa kwenye filamu hawamwulizi mwenyeji hata njia.)

Mfano mgumu zaidi ni Night of the Living Dead, filamu ya George Romero ya mwaka 1968. Watu wamejifungia katika nyumba ya shambani iliyozingirwa na wafu wanaotembea, na wawili kati yao wanagombana: Harry Cooper anataka wote wajifiche katika chumba cha chini, wakati Ben anashikilia kwamba chumba hicho ni mtego. Ni rahisi kumuunga mkono Ben, kwa kuwa ni jasiri na ana utu, na Cooper ni mbinafsi mwenye makelele. Hata hivyo, Ben anaokoka usiku ule kwa kujifungia katika chumba kile kile alichokikataa. Wala Cooper hakuwa sahihi kabisa, kwa sababu humo ndimo alimolazwa binti yake aliyeng'atwa, ambaye baadaye anamuua mama yake mzazi. Nionavyo, filamu hii inatuumbua sisi watazamaji, maana tunamhesabia akili mhusika tunayempenda na kumnyima tusiyempenda.

Upande wa wanaolaumu, hata hivyo, una hoja ambayo utetezi huo wote hauifikii. Kutojua kunasameheka, kusahau ghafla kile ambacho filamu yenyewe imetuambia kwamba mhusika anakijua, hakusameheki. Katika Prometheus ya mwaka 2012, wanasayansi waliosafirishwa hadi mwezi wa sayari ya mbali wanavua kofia zao za kinga mara tu vipimo vinapoonyesha kwamba hewa inavutika, bila kuwaza vijidudu, na mwanabayolojia anamchezea kiumbe mfano wa nyoka ambaye hajawahi kumwona. Hofu haiwezi kuwa kisingizio, kwa kuwa walipovua kofia hizo hawakuwa wakikimbizwa na mtu. Hapo mwandishi alihitaji watu wafe, akawapokonya elimu yao.

Linaloshangaza ni kwamba filamu hiyo iliongozwa na Ridley Scott, yule yule aliyeongoza Alien mwaka 1979. Katika Alien, wenzake Ripley, afisa wa chombo cha angani, wanarudi chomboni wakiwa wamembeba mtu aliyeng'ang'aniwa usoni na kiumbe, na Ripley anakataa kuwafungulia mlango kwa sababu kanuni inadai karantini ya saa 24. Uamuzi huo ni wa busara, ingawa wakati ule unaonekana kuwa wa kikatili, na haukuipunguzia filamu hofu hata kidogo. Mlango unafunguliwa na Ash, mwanasayansi wa chombo, ambaye hakukosa akili: alikuwa akitekeleza agizo la siri la kampuni, lililotaka kiumbe kile kifikishwe nyumbani hata kama mabaharia wote wangekufa.