Wageni Wako Wataiba

Kabla hamjaisikia habari ya bango langu la harusi, na nilivyotoka ukumbini, kwa shoga yangu, ambaye ameshaitia chumvi mpaka imekuwa ng'onda, isikieni kwangu.

Kwanza, sikuruka ukuta. Ukumbi ule hauna ukuta, una mabati. Nilitokea mlango wa jikoni, nikitembea. Haraka, lakini nikitembea. Pili, bango halikuandikwa "wezi". Neno hilo halimo. Angalieni picha vizuri, si mnazo nyote.

Haya. Jumamosi ilikuwa natimiza mwaka mzima tangu niache kazi ya kaunta nianze kuwaandikia watu matangazo, mimi na simu yangu. Nilikuwa nimepanga kuandika hapa tathmini ya heshima: nimeanzia wapi, nimefika wapi, asanteni wateja wangu. Sasa nawaambia ukweli. Ukitaka kujua mwaka wa mtu wa kazi hii ulivyokuwa, usimuulize yeye. Chukua simu yake, andika herufi mbili tatu, uone kibodi yenyewe inakumalizia neno gani. Yangu ukiandika "nak", inakupa "nakumbusha tu". Ukiandika "sam", inakupa "samahani kwa usumbufu". "Mal" ni "malipo yangu". Kuna hoteli moja iliniambia itanikata asilimia 5, kodi ya zuio, ndiyo sheria ya KRA, watoza kodi wa Kenya. Sawa, kateni. Zile 95 ndizo ninazozingoja tangu Ramadhani.

Na kila nikikosa kulipwa, humwandikia shoga yangu: hawa watu wataiba mpaka kope zangu. Mwaka mzima. Hawa wataiba, wale wataiba. Liwekeni neno hilo pembeni, tutalirudia.

Akaja mama mmoja wa mapishi ya harusi. Alikuwa na kazi ya kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, huko Majengo, akataka bango la kuweka getini ili kila anayeingia ajue chakula ni cha nani. Tukapatana bei, akaomba nipunguze, nikapunguza, kwa sharti moja: chini ya bango, jina langu na nambari yangu ya simu. Kwa herufi za kuonekana. Akili hiyo niliitoa mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Maneno ya kwanza yalikuwa "Wageni wako watakula mpaka washibe, na watarudi tena." Ijumaa saa kumi akanitumia sauti: mwanangu, ni marefu, fundi asema herufi zatoka ndogo, fupisha, na afunga saa kumi na moja.

Mimi hapo niko kwenye feri navuka kwenda Likoni, nimesimama, mbele yangu baiskeli ya mikate, nyuma yangu mtu na godoro. Mkono mmoja nina mfuko wa samaki changu unaovuja maji, mwengine nina simu. Nikawaza "watashiba". Neno zuri, fupi, lenye tumbo. Nikaandika "Wageni wako wata", simu ikanitolea neno, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikamalizia "na watarudi tena", nikatuma. Sikusoma. Feri ilikuwa inagusa ng'ambo, na ukizubaa pale watu wanakupitia juu.

Mama akajibu kwa mioyo mitatu. "Tamu sana, mwanangu." Fundi naye akachapa alichotumiwa. Fundi hana kosa, msimguse.

Jumamosi nikajipamba. Buibui jipya, udi, hina ya jana. Nilikwenda kama mgeni lakini moyoni nilikwenda kutazama jina langu. Getini nikakuta kundi la wanawake kumi na kitu wamesimama mbele ya bango, kimya. Nikafurahi! Nikajiambia, maneno yamewagusa. Sikulisoma bango, nawaapia. Macho yalikwenda moja kwa moja chini, kwenye jina langu. Lilikuwa limetoka vizuri, jekundu.

Mbele kabisa alikuwa shangazi wa bwana harusi, miwani yake ina kamba. Akasoma kwa sauti, kama anayesomea mtoto.

"Wageni. Wako. Wata..."

Akanyamaza. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya leso, kioo kimoja, kisha cha pili, akaipuliza, akaivaa tena. Akasogea hatua moja. Mimi nyuma yake natabasamu kama niliyeshinda uchaguzi.

"Maneno haya kaandika nani?"

Nyie. Nyie! Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikapenya katikati ya watu, nikapiga shikamoo, nikasema, "Ni mie, shangazi."

Akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe wanijua mie?"

"La, shangazi."

"Ushanikuta na kitu cha mtu?"

Hapo ndipo nilipoinua macho. Mita tatu za bango, rangi ya dhahabu, herufi kubwa kama milango:

WAGENI WAKO WATAIBA, NA WATARUDI TENA!

Na alama ya mshangao niliitia mimi. Sijui nyie huwa mnasikia nini mkifedheheka, mimi nilisikia masikio yangu yakipata moto, na huko ndani taarab inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuna binti akauliza, "Kwa hivyo mikoba tuiwache nje?" Mwengine akajibu, "Yako wewe ndiyo itakayoibiwa au ndiyo ya kutilia?" Wakacheka wote isipokuwa shangazi.

Kwenye kupamba simu haziruhusiwi ndani, kwa hivyo jambo likitokea ukumbini hufia ukumbini. Bango lilikuwa nje ya geti. Haya, mnajua wenyewe. Na wewe uliyenitumia picha saa saba usiku ukaniuliza "huyu ni wewe?", jina langu na nambari yangu zipo pale, ulikuwa unauliza nini?

Yaliyofuata ni mafupi. Bango likafunikwa leso mbili. Mama wa mapishi hakunigombeza, aliniita tu kwa jina langu kamili, na hilo ni baya zaidi. Pesa zake nimerudisha zote. Mimi nikapita jikoni kutafuta njia, na wapishi, ambao habari zilishawafikia, wakanionea huruma. Mmoja akanishikisha chakula, akanisukuma nje: "Nenda mwanangu, kale nyumbani." Nikaenda. Nimevuka feri nimekipakata, nalia na kunusa biriani kwa pamoja.

Leo asubuhi mama wa mapishi amenitumia ujumbe. Shangazi ameshapoa, ila kuna hotipoti moja kubwa ya maua mekundu haionekani tangu juzi, na watu wameanza kusema bango lilikuwa la kweli. Je, mwanangu, hukuona mtu akitoka nayo?

Iko hapa mezani. Nimeshaiosha.

Nimeanza kumjibu mara nne. Nataka kumwambia nitairudisha mwenyewe leo jioni. Nimeandika "nitai", simu ikanitolea "nitaiba".