Kuzima huduma za mtandao kwenye Linux: nani anasikiliza, na nani ataikosa

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo hoja ya kuhamia Linux imepata uzito mpya kwa wenye kompyuta za mtumba zisizokidhi masharti ya Windows 11. Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, anayepakia Linux Mint au Ubuntu kwenye mashine ya RAM ya GB 4 hachelewi kukutana na ushauri ule ule: zima huduma zote za mtandao usizozitumia, mashine itakuwa nyepesi na salama. Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba mfumo umepangwa na watu wanaoujua, kwa hiyo usiguse kitu, washa faiwoli (ukuta unaozuia miunganisho inayoingia kutoka mtandaoni) uendelee na kazi.

Pande zote mbili zina hoja, ila zote hupenda kuruka hatua ya kwanza, ambayo ni kutazama. Amri ya kuorodhesha huduma zinazosikiliza, yaani zinazongoja kugongwa kutoka mtandaoni, ni hii:

sudo ss -tulpn

Kinachotafutwa hapo si idadi ya mistari. Ni safu ya anwani. Huduma iliyoandikwa 127.0.0.1:631 au 127.0.0.53:53 inajibu mashine yenyewe tu. Jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo hawezi kuigonga. Iliyoandikwa 0.0.0.0, au nyota, au mabano ya [::], inajibu yeyote anayeweza kuifikia mashine. Alama ya mwisho ni ya IPv6, mfumo mpya wa anwani za mtandao, na wengi huipita kwa sababu macho yao yanatafuta sufuri nne. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na programu za ziada kwa kawaida utakuta avahi-daemon (inayotangaza na kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani) kwenye poti 5353, yaani namba ya mlango inayofuata nukta mbili, cupsd (ya uchapishaji) kwenye 631 ya ndani, na systemd-resolved (inayotafuta majina ya tovuti) kwenye 53 ya ndani. Anayekimbilia kuizima systemd-resolved kwa sababu ameona namba 53 hajapata usalama wowote. Amepoteza utafutaji wa majina ya tovuti, na atashinda akiilaumu laini ya simu.

Wanaotaka kuzima wana ushahidi mzito wa karibuni. Septemba 2024 mtafiti Simone Margaritelli alitangaza mnyororo wa matundu katika mfumo wa uchapishaji wa CUPS. Mlango ulikuwa cups-browsed, programu ndogo inayotafuta printa zinazotangazwa mtandaoni, na ilikuwa ikisikiliza UDP 631 kwenye anwani zote. Mshambuliaji alituma pakiti moja, mashine ikaenda yenyewe kuuliza habari za printa ya uongo, na siku mtumiaji alipochapa kwenye printa hiyo, amri ya mshambuliaji ilitekelezwa. Viraka vilitoka, lakini somo la upande huu linabaki pale pale: walioathirika ni pamoja na watu ambao hawakuwa na printa hata moja. Huduma isiyokuwapo haina tundu la kuzibwa.

Sasa ipeleke hoja hiyo kwenye steshenari iliyo jirani na chuo, pale MUST Iyunga au Mkwawa, Iringa. Mashine moja ya Linux imechomekewa printa ya USB, nyingine mbili zinaitumia kupitia ruta, na wanafunzi wanachapa moja kwa moja kutoka kwenye simu. Simu ya Android inaiona printa ile kwa sababu avahi inaitangaza. Ukiizima avahi-daemon asubuhi, hakuna ujumbe wa kosa popote; printa inatoweka tu kwenye orodha ya simu za wateja, na foleni inahamia duka la pili. Kwa duka hilo, poti 5353 ni sehemu ya biashara.

Kuna njia ya katikati, na inafaa pale ambapo printa yenyewe ina Wi-Fi au waya wa mtandao na wanaochapa ni kompyuta tu. Unaisajili kwa anwani yake, bila kutegemea matangazo:

sudo lpadmin -p printa-duka -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Baada ya hapo cups-browsed na avahi zinaweza kuondoka na uchapishaji ukaendelea. Sharti lake ni kuingia kwenye ruta na kuitengea printa anwani hiyo ya kudumu. Usipofanya hivyo, umeme utakatika, ruta itawaka upya na kugawa anwani kwa mpangilio mwingine, printa itaamka ikiwa .53, na kazi zitarundikana kwenye foleni zikisubiri .50 ambayo haipo. Fundi ataitwa kutengeneza Linux iliyo nzima.

Hata aliyeamua kuzima mara nyingi hazimi. Amri ya stop inasimamisha huduma kwa sasa. Ukiwasha mashine kesho inarudi. Disable inaiondoa kwenye orodha ya kuwaka na mashine, lakini haiizuii kuamshwa na kitu kingine. Na waamshaji wapo: systemd, msimamizi wa huduma zote za mashine, inaweza kuishikilia poti yenyewe kupitia soketi, kisha ikaita huduma mtu anapogonga. Ukisimamisha avahi-daemon peke yake, systemctl inakuonya kwamba avahi-daemon.socket bado iko hai, onyo ambalo wengi hawalisomi. Kwa hiyo zinazimwa pamoja:

sudo systemctl disable --now avahi-daemon.service avahi-daemon.socket

Kwa CUPS zipo tatu: cups.service, cups.socket na cups.path. Kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, Ubuntu ilihamia kwenye soketi kuanzia toleo la 22.10, hivyo mwanafunzi aliyeweka seva ya SSH kwa mazoezi akizima ssh.service tu, poti 22 inabaki wazi kupitia ssh.socket. Kuzitazama zote, tumia systemctl list-sockets. Mask ndiyo kufuli lenyewe, kwa maana inaielekeza huduma kwenye /dev/null na hakuna wa kuiamsha. Ila itumie pale tu kitu kinapokaidi, kwa sababu atakayekuja kuhitaji huduma hiyo baada ya mwaka hatajua kwa nini inakataa mpaka afanye unmask.

Hoja ya wepesi ndiyo dhaifu kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyorudiwa. Avahi iliyotulia inakula megabaiti chache. Kivinjari chenye tabo kumi kinakula gigabaiti nzima. Hata systemd-analyze blame, inayopendwa na wanaopima kasi ya kuwaka, inaorodhesha muda wa kila huduma peke yake, ilhali nyingi zinaanza kwa pamoja na nyingine zinasubiri wenzake. Systemd-analyze critical-chain ndiyo inayoonyesha nani kamchelewesha nani. Ipo moja inayostahili kuangaliwa: NetworkManager-wait-online, ambayo kazi yake ni kusubiri mtandao upatikane. Kwenye mashine isiyounganisha folda za seva wakati wa kuwaka, unaweza kuizima bila hasara.

Orodha za "zima hizi" karibu zote huitaja ModemManager. Haionekani kabisa kwenye ss, kwa sababu haifungui poti yoyote ya mtandao. Kazi yake ni kuongea na modemu. Kwa hiyo sababu ya usalama dhidi ya jirani wa Wi-Fi haipo, na madhara ni makubwa kwa anayeishi Tukuyu au Makete na mtandao wake wote unatoka kwenye modemu ya USB. Angalia kwanza kwa nmcli device. Modemu ikiandikwa gsm, usiiguse ModemManager. Ukiizima, laini ya simu inapotea kwenye menyu. Ikiandikwa ethernet, kama zilivyo modemu zenye ukurasa wao wa mipangilio na simu iliyochomekwa kwa waya, basi haihitajiki. Wpa_supplicant nayo iache, Wi-Fi inaitegemea.

Kwa wengi wa huku, hata hivyo, kinachowasukuma kuzima huduma si wadukuzi bali ni bando. Hapo mjadala unahama kutoka huduma zinazosikiliza kwenda zile zinazopiga nje zenyewe, hasa masasisho. Anayezima unattended-upgrades, inayosakinisha masasisho ya usalama yenyewe, anaokoa MB mia kadhaa kwa mwezi fulani, kisha anabaki na tundu kama lile la cups-browsed bila kiraka. Biashara hiyo haina faida. Afadhali kuiambia NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo:

nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" connection.metered yes

Hotspoti ya simu ya Android kwa kawaida hujitambulisha yenyewe, kwa sababu simu huweka alama hiyo kwenye majibu ya DHCP, yaani pale inapoigawia mashine anwani, na NetworkManager huisoma. Ruta ya mfukoni mara nyingi haifanyi hivyo, nayo ndiyo inayomaliza bando watu wakiwa wamelala. Kwenye Ubuntu, ili programu za snap zisijisasishe kwa bando, ongeza sudo snap set system refresh.metered=hold. Kisha siku ukifika kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, sasisha kwa mkono. Huduma ya saa, systemd-timesyncd, pia isizimwe kwa sababu ya bando: inatumia data ndogo mno, na kwenye mashine ya mtumba yenye betri ya CR2032 iliyokufa, umeme ukikatika saa inaweza kurudi nyuma sana na tovuti za https zikakataa kufunguka.

Wanaosema "faiwoli inatosha" wana hoja nzuri moja: faiwoli inakinga hata huduma utakayoisahau kesho. Ufw, faiwoli yenyewe, huja na Ubuntu na Mint ikiwa imezimwa, na kuiwasha ni amri mbili:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw enable

Steshenari yetu itaongeza sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 631 proto tcp, na kazi itaendelea. Lakini sheria za awali za ufw zenyewe zinaruhusu matangazo ya mDNS, yale yanayotumwa na avahi, kwa hiyo avahi inaendelea kuongea na jirani hata faiwoli ikiwa imewaka. Na anayejifunza uundaji wa programu kwa Docker (chombo cha kuendesha programu ndani ya makontena) ajue kwamba poti anazozitangaza kwa Docker zinapita kando ya ufw. Hifadhidata aliyoianzisha kwa -p 3306:3306 iko wazi kwa hosteli nzima, huku ufw status ikimwambia kila kitu kimefungwa. Aandike -p 127.0.0.1:3306:3306.

Kwa uzito wa hoja, tunaegemea kuzima, lakini moja moja na kwa ushahidi wa ss, si kwa orodha ya kunakili. Laptopu inayohama kati ya hosteli, kafe na ofisi za watu haina sababu ya kubaki na cups-browsed, seva ya SSH wala kushirikisha mafaili kwa Samba kwenye poti 445. Hizo zizimwe na ufw iwashwe juu yake. Mashine ya duka ibaki na avahi na CUPS, ila wateja wapewe Wi-Fi ya wageni kwenye ruta, mradi wanachapa kwa kutuma faili badala ya kuiona printa; wakitaka kuiona printa, watabaki mtandao mmoja na mashine, na hilo ni jambo la mwenye duka kulipima. Kabla ya kugusa chochote hifadhi hali ya awali:

systemctl list-unit-files --state=enabled > kabla.txt

Zima moja, washa mashine upya, jaribu kuchapa na kuingia mtandaoni, tazama systemctl --failed, ndipo uende kwa inayofuata. Mwisho pima kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, kwa mfano nc -zv 192.168.1.20 22, maana mashine ikijipima yenyewe inaingia kupitia njia ya ndani ambayo ufw haiizuii, na poti iliyofungwa kwa jirani itaonekana iko wazi.