Ondoeni kibao cha "Ongea Kiswahili tu" mlangoni mwa darasa la awali

Kila Januari, watoto wa miaka mitano wa Bariadi, Maswa, Meatu na Kishapu, wilaya za Usukuma, wanaingia darasa la awali wakiwa tayari wanajua kuhesabu mbuzi, kutumwa dukani na kurudi na chenji, na kusimulia nani kamkosea nani uwanjani. Wanayajua yote hayo kwa Kisukuma. Mlangoni wanakutana na kibao kinachowaambia waongee Kiswahili tu. Ikifika Machi, wengi wao wameshaandikwa "mzito" kwenye daftari la mwalimu. Mtoto aliyekuwa hakauki maneno nyumbani amegeuka mzito ndani ya wiki kumi! Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu dawa yake haihitaji hata shilingi ya wafadhili.

Mtoto wa umri huo anayetumbukizwa kwenye lugha ngeni hunyamaza. Hunyamaza wiki kadhaa, wengine miezi, huku anasikiliza na kuweka akiba. Huo si uzito wa akili. Tatizo ni kipimo chetu: kuitikia kwa pamoja. Watoto themanini wanapaza sauti "a, e, i, o, u", na yule anayesogeza midomo tu haonekani. Mwalimu anaondoka ameridhika na kelele.

Kwenye sera sitakaa sana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia awali, na mimi ninakitaka Kiswahili hicho kiingie, kiingie vizuri, na kikae. Sera ya Utamaduni ya 1997 nayo inataka jamii ziendelee kutumia lugha zao na kujivunia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto akisema "minzi" badala ya maji asimamishwe mbele ya wenzake.

Kinachofanya kazi ni hadithi moja kwa wiki nzima. Jumatatu isimuliwe yote kwa Kisukuma, mwanzo hadi mwisho, na mtu anayejua kusimulia. Mwalimu aliyepangiwa kutoka Mbeya amwombe bibi wa kijijini. Dakika ishirini zinamtosha. Jumanne watoto waigize: huyu mbuli, huyu nholo, wale ngoko, yule mva anayewafukuza. Jumatano hadithi ileile isimuliwe kwa Kiswahili, kwa ishara zilezile, vitu vilevile na mpangilio uleule wa waigizaji. Maneno mapya yasizidi manane: mbuzi, kondoo, kuku, mbwa, maji, kimbia, lia, rudi. Mtoto hahitaji kuhangaika na kisa kwa sababu anakijua. Nguvu yake yote inakwenda kwenye maneno. Alhamisi ni mchezo wa amri: "Kuku, kimbieni! Kondoo, rudini!" Hapo ndipo mwalimu anapogundua nani anaelewa, kwa kuangalia miguu, bila kumlazimisha mtu kufungua mdomo. Aliyeonekana mzito Machi mara nyingi ndiye wa kwanza kukimbia. Ijumaa wachore au wafinyange, kila mmoja aeleze kazi yake kwa lugha aitakayo, na mwalimu aandike chini ya picha neno moja la Kiswahili.

Kosa kubwa, na nimeona hata walimu wazuri wakilifanya, ni kutafsiri sentensi kwa sentensi. Ukisema jambo kwa Kiswahili kisha papo hapo ukalirudia kwa Kisukuma, mtoto anajifunza kuziba masikio na kusubiri zamu ya lugha yake. Tenganisha. Njia rahisi ni kikaragosi cha soksi kuukuu yenye vifungo viwili vya macho, ambacho kinajua Kiswahili tu. Akiongea kikaragosi, ni Kiswahili. Kikivuliwa mkononi, mwalimu anaweza kurudi Kisukuma. Watoto wanaheshimu mpaka huo kwa namna ya kushangaza, watajitahidi mno ili soksi iwaelewe. Lakini siku soksi ikijisahau na kujibu Kisukuma, hata mara moja, juhudi hiyo inakatika na inachukua muda kurudi.

Kwa hesabu kuna mdako. Shimo la upana wa sahani, kokoto kumi, unarusha moja juu, unakumba zilizo shimoni kabla hujaidaka, kisha unarusha tena na kurudisha zote isipokuwa moja. Mtoto wa miaka mitano bado hadaki kokoto vizuri, kwa hiyo kitu cha kurusha kiwe mpira mdogo wa matambara, na aanze na kokoto tano. Ziwe kubwa kuliko kizibo cha soda, maana ndogo zinaishia mdomoni au puani. Wahesabu imo, ibili, idatu, inne, itano. Raundi inayofuata moja, mbili, tatu, nne, tano. Wazo la tano ameshatoka nalo nyumbani, shule inamwongezea jina la pili tu.

Ngoma ndiyo tunayoipoteza kuliko yote. Usukuma una bugobogobo, ngoma ya majembe, na bado watoto wake wanafundishwa vitendo kwa kunakili ubaoni! Wape vijiti badala ya majembe, mpiga ngoma mmoja, na vitendo vinne: inua, shusha, lima, geuka. Neno lililopita mwilini mara thelathini kwa mdundo halisahauliki. Mdundo huohuo unafundisha silabi: ngo-ko, makofi mawili, ku-ku, makofi mawili, ko-ndo-o, matatu. Silabi za Kisukuma na za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, hivyo sikio lililozoea kukata neno kwa lugha moja linalikata kwa nyingine, na huo ndio msingi wa kusoma. Mtoto akisema "kalibu", usimcheke wala usimrudishe rudishe. Kisukuma hakina r. Mwache aendeshe pikipiki kwa mdomo kila asubuhi, ulimi utajifunza.

Vifaa visiwe kisingizio. Rangi: koroga kikombe kimoja cha unga wa muhogo kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka, koroga mpaka uji ung'ae. Ukiweka unga mkavu moja kwa moja kwenye maji moto, unapata madonge. Nusu kikombe cha uji kwa vijiko viwili vya mkaa uliosagwa na kuchekechwa, au udongo mwekundu, au binzari. Uji ukiwa mwepesi, rangi inapukutika ikikauka. Pika wa siku mbili tu, kwa joto la huko siku ya tatu umechacha. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka. Tumia wa kichuguu, sehemu tatu kwa moja ya mchanga laini. Manyanga ya chupa ya nusu lita yajazwe mawe robo tu, yakizidi hayatoi mlio, na kizibo kigandishwe kwa gundi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Mwanza mjini hali ni nyingine. Darasa lina Wasukuma, Wajita, Wakerewe na Wahaya, na wengi Kiswahili ndicho walichokulia. Huko lugha za nyumbani ziingie kwa salamu, nyimbo na vitendawili. Nakubali pia kwamba kiwango cha mwalimu mmoja kwa watoto 25 ni ndoto kwenye shule nyingi tangu ada ifutwe mwaka 2016. Finyangeni kwa zamu basi, kundi moja kwa siku, wengine wakiwa kwenye ngoma nje.

Na msiniambie haijajaribiwa. Mpango wa utayari wa kuanza shule chini ya EQUIP-Tanzania, mradi wa kuboresha elimu ya msingi, ulipita Simiyu na Shinyanga na hadithi, michezo na wasaidizi waliotoka vijijini, kwa wiki 12. Kenya mtaala unaruhusu lugha ya eneo hadi Gredi ya 3, japo shule nyingi zinakimbilia Kiingereza.

Kwa walimu wakuu: kabla ya Januari, kaeni na kamati ya shule mtafute bibi au kijana mmoja anayejua kusimulia, mpangieni Jumatatu na Jumanne kwenye ratiba kwa maandishi, na mlipeni chochote kinacholingana na siku ya kibarua kijijini. Wa kujitolea bure haonekani tena ikifika msimu wa palizi, na hadithi ya wiki hiyo inabaki bila mtu wa kuisimulia.